Redio Kwenye Kibanda cha Ndege

Mjomba wangu ni kinyozi, na mtaa mzima unamwita Redio. Jina hilo hakupewa kwa kupenda muziki. Asubuhi akiwasha mashine ya kunyolea, na mdomo wake unawaka, tofauti ni kwamba umeme ukikatika inazima mashine peke yake. Mimi nasuka nywele ndani ya chumba hicho hicho, upande wa pili wa pazia, kwa hiyo haya nayasema kama majeruhi. Ninajua magoli yote ambayo timu yake ilinyimwa. Ninajua maradhi ya mwenye nyumba wetu kuliko mwenye nyumba mwenyewe.

Mdomo huo ndio uliomfanya afikie umri wa kupaka ndevu rangi bila kupata jiko. Posa ya kwanza ilivunjikia sebuleni, pale alipomweleza baba wa binti, kwa nia njema kabisa, kwamba upara wake umeanza vibaya na ungeweza kupangwa upya. Posa ya pili ilikwenda mbali kidogo, mpaka yule mchumba alipomnong'oneza siri moja jioni, na asubuhi akaikuta sokoni imemtangulia. Baada ya hapo watu waliacha kumtafutia mke. Mama yangu, ambaye ni dada yake mkubwa, alisema mwanamke wa kumfaa Mjomba ni yule mwenye pamba masikioni.

Halafu Mjomba akavunjika mkono. Alikuwa amepanda juu ya kigoda kuwaonyesha wateja namna golikipa alivyotakiwa kuruka. Aliruka vizuri sana, tatizo lilikuwa kutua. Nikamfunga kitambaa changu cha kazini, nikampeleka hospitali, tukaelekezwa chumba cha eksirei.

Humo ndani tulimkuta mama mmoja mwembamba, miwani imening'inia kifuani, koti jeupe limepigwa pasi mpaka unaogopa kulisogelea. Wagonjwa wanamwita Mama Usipumue, kwa sababu hilo ndilo neno analowaambia watu kutwa nzima. Mjomba alianza palepale mlangoni kumsimulia habari ya golikipa. Yule mama alimkalisha, akaulaza mkono wake mezani, akauweka sawa kwa upole ambao hata mimi niliuona, kisha akasema, "Vuta pumzi."

Mjomba akavuta.

"Usipumue."

Mjomba akanyamaza. Nilikuwa sijawahi kuusikia ukimya wa Mjomba, nikadhani masikio yangu yameziba. Mama Usipumue akaenda nyuma ya kile kiambaza chao, mashine ikalia, akarudi, akamwondoa mezani na kumwita mgonjwa mwingine. Hakumwambia apumue.

Mkono ulifungwa plasta, tukatembea mpaka nyumbani bila neno. Mama alipomwona ndugu yake yuko kimya, aliacha mkono uliovunjika akaanza kumpapasa kichwa. Mjomba akamtoa mikono taratibu.

"Dada," alisema, "nimepata mke."

Jirani yetu muuguzi alikuwepo, akataka kusikia yote. Tulipofika kwenye ile "usipumue", aliinua mkono kutusimamisha. "Subirini. Mkono haupigwi picha kwa kuzuia pumzi. Hiyo ni kwa wanaopigwa kifua." Ikawa wazi kwamba yule mama alimnyamazisha tu. Mama yangu alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. Lakini Mjomba alilichukua jambo hilo kivyake. Alisema watu wote wa mkono wanapita pale wakipumua watakavyo, ila yeye, yule mama amemfanyia cha peke yake.

Kuanzia hapo hospitali ikapata mgonjwa asiyeugua. Mjomba alienda kuuliza kama mkono umeunga. Alienda kuuliza kama umeendelea kuunga. Safari ya tatu Mama Usipumue alimtazama juu ya miwani. "Kaka, mkono wako umepona. Kilichobaki kinavuja ni mdomo." Mjomba alirudi kazini anang'aa, akanieleza maneno hayo kama mtu aliyesomewa shairi.

Kidogo kidogo tukapata habari zake. Alikuwa mjane, watoto wamekua na wanajitegemea, na siku zake za mapumziko huenda kwenye hifadhi ile ya pwani, kule mto unapoingia baharini, kuangalia ndege pamoja na kikundi cha watu wenye darubini. Mjomba hakuwa na habari na ndege wowote zaidi ya wale wa kwenye sahani. Lakini alinyoosha shati, akaenda kumngoja nje ya lango la hospitali, akamwambia moja kwa moja kwamba anataka kumuoa. Moja kwa moja ya Mjomba ni ndefu, ilimchukua mpaka taa za barabarani zikawaka.

Yule mama alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akampa sharti. "Njoo na sisi kwenye hifadhi. Ukae kibandani tangu maji yakiwa yamekupwa mpaka yarudi yaguse mti mwekundu. Usitoe neno. Ukiweza, nitakuja kwenu kunywa chai, na hayo mambo yako tutayaongea mbele ya dada yako. Neno moja likikutoka, hii habari usiniletee tena, hata kwa mafumbo."

"Na kupiga miayo?" Mjomba aliuliza.

"Miayo ruksa."

Mama yangu aliposikia hakuficha furaha. "Huyu anaongea hata usingizini. Mwanangu, nenda naye, ukanishuhudilie." Alisema hivyo akicheka, lakini niliona alivyoikagua ile suruali ya Mjomba na kuipiga pasi upya. Na mimi nilivyo na roho mbaya asubuhi, nilienda kwa hamu ya kumwona akiumbuka.

Tulifika hifadhini maji yakiwa yamekwenda mbali, tope limebaki linameta na kaa wanakimbia huku na huku kama wenye mambo ya haraka. Kutoka langoni unapita juu ya njia ya mbao katikati ya mikoko, mpaka kwenye kibanda kilichosimama juu ya nguzo. Ukuta wa mbele una matundu marefu ya kuchungulia tope na bahari. Nyuma kuna mlango, na nje ya mlango huo, pale maji ya mto yanapoingia, kuna matete mengi. Mlango uliachwa wazi kwa ajili ya upepo, na hakuna aliyeutazama, kwa sababu ndege wote wenye sifa zao walikuwa upande wa mbele. Katikati ya tope kilikuwa kimechomekwa kile kigingi walichokiita mti mwekundu.

Kiongozi wa kikundi, Mwenyekiti, alikuwa mstaafu wa forodha. Alimkagua kila ndege kama sanduku la abiria anayetoka jasho. Alitupokea kwa mkono, akatupa kanuni kwa sauti ya chini. Hakuna kuvaa nguo za kung'aa, hakuna kunyoosha mkono nje ya tundu. Na ndege wa mtu mmoja si ndege. Akimaanisha kwamba ukisema umeona ndege, lazima awepo mwingine aliyemwona, aeleze alivyo, la sivyo umeota. Alinionyesha kwa kidevu mzee mmoja aliyenuna kwenye kona. Yule alisema ameona heroe mwaka uliopita, mkewe alikuwa amefumba macho, na habari ikaishia hapo.

Mama Usipumue alikaa mbele karibu na tundu, Mjomba akakaa pembeni yake, mimi nikabanwa upande wa pili wa Mjomba. Kabla hatujaanza yule mama aliniinamia akaninong'oneza kwamba yeye anamtafuta ndege mmoja tu, ngojamaliko. Ni wa jamii ya korongo, mfupi, rangi ya majani makavu, na akihisi mtu hainuki kuruka. Anainua mdomo juu, anakauka, unampita ukidhani ni tete. "Nimemtafuta tangu wanangu wako shule ya msingi," alisema. "Kila mtu hapa ameshamwona isipokuwa mimi." Alisema hivyo bila kulalamika, nikamhurumia, ingawa nilikuwa nimekuja kucheka.

Mwenyekiti akainua kidole na ukimya ukaanza.

Jaribu la kwanza la Mjomba lilikuwa kisogo cha Mwenyekiti mwenyewe. Kilikuwa mbele ya pua yake, kimenyolewa upogo, mstari umeanzia sikioni ukapanda kama ngazi. Ile ilikuwa kazi ya kinyozi wa ng'ambo ya barabara, adui wa Mjomba, na ningeitambua hata mimi. Mjomba aliufungua mdomo. Mama Usipumue akageuza macho bila kugeuza kichwa. Mjomba akaufunga, akanishika kiwiko akakiminya mpaka alama zake nilikuwa nazo siku iliyofuata.

Halafu ndege wakaanza kuja, na mambo yakawa magumu zaidi, kwa sababu Mjomba aliona nywele tupu. Alitua mdiria mwenye kishungi, na Mjomba akanionyesha kwa vidole kwamba huyo kaacha mbele ndefu, pembeni kapunguza. Walipita yangeyange na zile nyuzi zao nyeupe za mgongoni, akanielekezea mimi, kwamba hao ni wateja wangu. Akaja mwari, ndege mkubwa, nywele za kisogoni zimesimama hovyo, na Mjomba akaegemeza shavu kwenye kiganja kuonyesha kwamba bwana huyu ametoka kuamka na hajajitazama kwenye kioo. Nilijizuia nikashindwa. Kicheko kilinitoka puani.

"Dada," alisema Mama Usipumue polepole, "kicheko nacho ni sauti."

Kikundi kizima kikanigeukia. Mjomba aliinamisha kichwa kwa masikitiko, kama mtu aliyesafiri na watoto wasio na adabu. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa kwamba angeshinda.

Mbu walimla vifundo, akajikaza kisabuni. Mzee mmoja akasema kwa kunong'ona jambo la uongo kabisa kuhusu fainali fulani ya zamani, na niliona koo la Mjomba likipanda na kushuka, maneno yakirudishwa tumboni moja moja. Maji yalikuwa yameshaanza kurudi, yanatambaa kwenye mifereji ya tope. Mama Usipumue alikuwa amebandika macho kwenye darubini, anapekua ukingo wote wa mikoko, na kila akimaliza anaanza tena.

Kinyozi hawezi kukaa muda mrefu akitazama kitu kisicho na kichwa. Tope lilimchosha. Akajigeuza taratibu pale kwenye benchi, akaipa bahari mgongo, akaanza kutukagua sisi, vipara, mvi, mapaji ya uso, mtu baada ya mtu. Alipomaliza mstari wetu, macho yake yakatoka nje kupitia mlango. Yakabaki huko. Nikamwona ameacha hata kujikuna mbu.

Nilidhani amechoka. Kumbe ndani ya matete, hatua chache tu kutoka mlangoni, kulikuwa na tete moja lenye jicho.

Alimgusa Mama Usipumue bega kwa kidole. Yeye hakutoa macho kwenye darubini. Akamgusa tena. Aligeuka, na Mjomba akaelekeza kwa kidevu, macho yamemtoka pima. Mama Usipumue akatikisa kichwa. "Choo kiko langoni," alinong'ona, akarudi kwenye darubini yake. Mjomba akamvuta mkono wa shati, akainua nyusi mara kadhaa kuelekea nyuma. Safari hii alipata lile jicho la juu ya miwani, lile la kuwatazamia wanaume wanaokonyeza wajane hadharani. Nilitaka kugeuka nione anachokiona, lakini nilikuwa nimebanwa kati ya ukuta na mkoba wa mtu, na Mwenyekiti alikuwa ameshanitazama vibaya mara moja.

Mjomba alitazama mlangoni. Baadaye aliniambia kwamba lile tete lilikuwa limeinua mguu. Lilikuwa linaondoka. Neno moja lingetosha, tena fupi, na ndilo neno ambalo hakuruhusiwa kulitoa.

Basi akafanya alichofanya maisha yake yote. Aliweka vidole viwili juu ya utosi wa Mama Usipumue, kidole gumba cha mkono wa pili chini ya kidevu, akamgeuza.

Kama umewahi kukaa kwenye kiti cha kinyozi unajua. Wewe unaweza kuwa meneja, unaweza kuwa jambazi, vile vidole vikikugusa kichwa kinakwenda vinapotaka, na mabega yanafuata. Hakuna anayeuliza kwa nini. Mama Usipumue, ambaye nadhani hakuna mwanaume aliyemgusa kichwa tangu amzike mume wake, aligeuka mzima mzima kwenye benchi kama mteja yeyote. Mtu mmoja nyuma yangu alivuta pumzi kwa mshtuko. Mimi nilifumba macho. Nilijua kofi linakuja.

Halikuja kofi. Ikaja sauti.

"Ndiye!"

Aliyepiga ukelele ule alikuwa Mama Usipumue. Matete yakatikisika, kitu kikapiga mabawa, na sisi wengine tulipogeuka, tukigongana vichwa na darubini, tulikuta matete tu yanayumba. Upande wa mbele yangeyange wote wakaruka. Hifadhi nzima ilikuwa imemsikia.

Alikuwa amesimama, mikono mdomoni. "Ngojamaliko," alisema. "Pale. Palepale. Nimemwona."

Mwenyekiti alishusha darubini yake bila haraka. "Hongera. Nani mwingine kamwona?"

Yule mzee wa heroe alijisogeza mbele, nadhani alikuwa ameingoja siku hii. Nikainua mkono, maana damu nzito. Mwenyekiti akaniuliza mdomo wa ndege ulikuwa wa rangi gani. Nikasema wa kawaida, wa ndege. Akaniomba nishushe mkono.

"Huyu hapa," alisema Mama Usipumue, akamshika Mjomba mkono wa shati. "Ndiye aliyenigeuza. Kamwona kabla yangu. Kaka, waambie."

Mjomba alimtazama. Kisha akatazama kule baharini, kwenye mti mwekundu. Maji yalikuwa bado hayajaufikia. Akatikisa kichwa.

"Nimekuruhusu," alisema Mama Usipumue. "Sharti nimelitoa mimi, nalivunja mimi. Sema."

Mjomba aliweka kidole kwenye midomo yake, akauonyesha tena ule mti, akakaa. Namjua mjomba wangu. Ile sura ya utiifu ilikuwa na ujanja mwingi ndani yake. Alikuwa amewekewa sharti mbele ya hospitali, na hakutaka mtu aje kusema baadaye kwamba alisaidiwa.

"Unanikomoa," alisema yule mama.

Mjomba akaweka mkono kifuani, kuapa kwamba hapana.

Mwenyekiti akatangaza kwamba maji yakigusa mti yeye anafunga shughuli ya siku hiyo, kwani ana miadi ya daktari wa macho. Ndipo nikaona kituko. Watu wazima wenye darubini za gharama waliwaacha ndege, wakakaa kutazama kigingi. Kwarara walitua, hakuna aliyewajali. Maji yalisogea, yakasita, yakasogea. Mtu mmoja alisema yamegusa, Mwenyekiti akasema bado, hilo ni povu. Mama Usipumue alikuwa hakai wala hasimami. Nilikaa pale nikafikiria kwamba tangu Mjomba azaliwe, hii ilikuwa mara ya kwanza watu kukusanyika na kuomba aongee.

Maji yakaushika mti. Wote wakamgeukia.

Mjomba alisimama, akakohoa, akavuta shati. "Mwenyekiti," alisema, "kabla ya yote, aliyekunyoa hicho kisogo ana chuki na wewe."

Mwenyekiti akashika kisogo chake. Mtu mmoja akacheka, na hakuna aliyemkataza. Mama Usipumue alifumba macho.

"Sasa ndege," alisema Mjomba. "Ni mfupi, ana kifua. Shingo ina milia ya kushuka chini, ya rangi ya majani yaliyokauka. Juu kaacha nyeusi, pembeni kapunguza. Mdomo ni wa manjano uliofifia, kauinua juu hivi. Upepo ukija matete yanayumba na yeye anayumba nayo, upepo ukikata anasimama. Na hapumui." Hapo sauti yake ikapungua, nami nikaacha kutafuta kitu cha kuchekea. "Nilijua hapumui kwa sababu hata mimi nilikuwa sipumui. Mimi siku zote nadhani nikinyamaza sitaonekana. Huyu kanyamaza, na mama huyu kamtafuta miaka yote hiyo. Nikasema asipomwona leo kwa sababu yangu, mimi hata hiyo chai haitanishuka. Ndiyo maana nikamshika kichwa. Naomba radhi kwa hilo. Kina umbo zuri, lakini naomba radhi."

Mwenyekiti alikuwa bado kashika kisogo. "Huyo ndiye ngojamaliko," alisema. "Ndege ni wa watu wawili." Yule mzee wa heroe akasonya akaanza kufunga mkoba wake.

Mjomba hakusema tena. Alibaki amesimama mbele ya yule mama, mikono imelala ubavuni, kama siku ile ya eksirei, akingoja kuambiwa la kufanya. Mama Usipumue alivaa miwani yake vizuri, akamtazama kuanzia viatu vyenye tope mpaka ndevu zilizopakwa rangi. Alichukua muda wake.

"Haya," alisema. "Pumua."